Chumvi ya Uvinza na Heliamu ya Rukwa: Gesi Yetu, Leza, na Vichapuzi vya Chembe

Mwezi Juni mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna akiba kubwa ya gesi ya heliamu. Makadirio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Tangu hapo visima vimechimbwa, na mwaka 2024 kisima kimoja cha Itumbula, upande wa kusini wa bonde hilo, kilitoa gesi ambayo asilimia 4.7 yake ilikuwa heliamu. Habari hizo zilipokewa kwa furaha, na karibu mazungumzo yote yakawa juu ya jambo moja: gesi hiyo itatuletea fedha kiasi gani?

Swali hilo si baya. Nchi yenye shida nyingi haiwezi kudharau fedha. Lakini liko swali la pili ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: gesi hiyo inakwenda kufanya kazi gani, na kati yetu ni nani anayeijua kazi hiyo? Katika makala haya nitajaribu kueleza kazi mbili kubwa za heliamu, yaani leza za gesi zenye nguvu kubwa na mashine za kuzipa kasi chembe ndogo za atomu. Kisha nitatoa hoja yangu, ambayo naitaja mapema ili msomaji aweze kuipima kila hatua: heliamu isiondoke nchini kabla haijatuachia elimu, na elimu hiyo yaweza kuanza kutafutwa leo, katika shule na vyuo tulivyo navyo.

Pembe na chumvi

Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ina mafunzo mawili juu ya mali inayotoka mahali fulani kwenda mbali. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani. Kutoka hapo ziliondoka pembe za ndovu na, kwa huzuni ya historia yetu, waliondoka watu waliofanywa watumwa. Pembe ziliondoka zikiwa pembe. Kazi ya kuzichonga na kuzigeuza kuwa vifunguo vya piano ilifanyika kwingine, na ufundi wake ukabaki huko huko. Ndovu walipokwisha, Ujiji haikubakiwa na ndovu wala ufundi.

Mashariki ya Ujiji, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unakutana na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Uchunguzi wa mambo ya kale umeonyesha kwamba watu wamechemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali, kuzunguka ziwa na ndani ya bara. Lakini haikuondoka Uvinza ikiwa maji. Wenyeji walijua chemchemi ipi ni kali, walijua kuni kiasi gani zinahitajika, walijua chungu cha kufaa. Mali ilitoka, ufundi ukabaki, na kwa sababu hiyo biashara ile ilidumu vizazi kwa vizazi.

Heliamu ya Rukwa yaweza kufuata njia ya pembe au njia ya chumvi.

Heliamu hutoka wapi?

Heliamu ilijulikana juani kabla ya kujulikana duniani. Mwaka 1868 wanajimu waliona katika mwanga wa jua mstari wa rangi ya manjano ambao haukulingana na elementi yoyote waliyoifahamu. Ilipofika mwaka 1895 ndipo William Ramsay, akifanya kazi London, alipoipata gesi hiyo ndani ya jiwe lenye uraniamu. Wala haikuwa bahati tu kwamba jiwe lile lilikuwa na uraniamu. Atomu za uraniamu na thoriamu huoza polepole, na katika kuoza hutupa chembe ziitwazo alfa. Mwaka 1908, mjini Manchester, Ernest Rutherford na Thomas Royds walizikusanya chembe za alfa ndani ya kichupa kisicho na hewa, wakapitisha umeme, wakauona mstari ule ule wa manjano. Kwa hiyo chembe ya alfa si kitu kingine bali ni kiini cha atomu ya heliamu. Atomu moja ya uraniamu-238, mpaka igeuke kuwa risasi, hutoa chembe nane za namna hiyo.

Miamba ya kati na magharibi mwa Tanzania ni ya kale sana. Mingi ina umri wa takriban miaka bilioni 2 au zaidi. Kwa muda wote huo uraniamu na thoriamu iliyomo imekuwa ikitoa heliamu kidogo kidogo, na gesi hiyo ikabaki imefungwa ndani ya fuwele za mawe. Kisha ardhi ikaanza kupasuka. Ufa ule ule uliochimba Ziwa Tanganyika hadi kina cha mita 1,470 ulifungua pia Bonde la Rukwa, na joto lililopanda pamoja na volkano likaifungua heliamu kutoka katika miamba. Gesi hiyo, ikichanganyika na nitrojeni nyingi, hupanda na kububujika katika baadhi ya chemchemi za maji moto.

Jambo moja lapasa kukumbukwa daima. Heliamu ni nyepesi mno, na haiungani na elementi nyingine kwa urahisi. Ikitoroka hewani hupanda, na hatimaye huiacha dunia kabisa. Katika hewa tunayovuta imebaki takriban sehemu 5 tu katika kila sehemu milioni. Dhahabu iliyouzwa yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena baada ya miaka 100. Heliamu iliyopotea haina marejeo.

Taa ya mvuvi na mwanga wa leza

Mvuvi wa dagaa wa Kigoma anaifahamu kazi ya mwanga kuliko wengi wetu. Usiku usio na mbalamwezi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi aghalabu taa za umeme wa jua, na samaki hukusanyika. Mwanga wa karabai huenda pande zote. Kila chembe ya utambi unaong'aa hutoa mwanga wake kwa wakati wake, kama watu sokoni ambao kila mmoja anazungumza lake. Mwanga wa leza ni kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja: makasia yote hupanda na kushuka pamoja, na chombo chote huelekea upande mmoja.

Msingi wake ulielezwa na Albert Einstein mwaka 1917. Atomu iliyopewa nishati ya ziada, ikipitiwa na mwanga wenye urefu wa wimbi unaoifaa, huitoa nishati yake kama mwanga wa namna ile ile, ukienda upande ule ule na kwa hatua ile ile. Ili mwanga uzidi kuongezeka, sharti atomu zenye nishati ya juu ziwe nyingi kuliko zile za chini. Leza ya kwanza, iliyotumia kito cha yakuti nyekundu, ilijengwa na Theodore Maiman mwezi Mei 1960. Kabla mwaka huo haujaisha, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, na wenzake wa maabara ya Bell huko Marekani waliwasha leza ya kwanza ya gesi. Gesi zake zilikuwa heliamu na neoni.

Leza ile ilikuwa dhaifu. Nguvu ilikuja mwaka 1964, pale Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika maabara hiyo hiyo, alipotumia kaboni dayoksaidi, gesi ile tuitoayo tunapopumua. Mwanafunzi afuate hatua zake kwa makini, maana ndani yake mna ushirikiano mzuri wa gesi tatu. Umeme hupitishwa katika mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, nitrojeni na heliamu. Nitrojeni hupokea nishati ya umeme kwa urahisi, ikaihifadhi kama mtikisiko wa molekuli zake. Inapogongana na kaboni dayoksaidi huikabidhi nishati hiyo, maana mitikisiko ya molekuli hizo mbili inakaribiana sana. Kaboni dayoksaidi ikishatoa mwanga hubaki katika hali ya katikati, na ikikawia hapo kazi yote husimama. Hapo ndipo heliamu inapoingia. Hugongana na molekuli zilizochoka, huzishusha upesi hadi hali ya chini, na hulichukua joto na kulipeleka kwenye kuta za bomba. Nitrojeni ni mchukuzi wa kuni, kaboni dayoksaidi ni moto, na heliamu ndiyo inayozoa majivu ili moto uendelee kuwaka.

Leza ya namna hii hugeuza asilimia 10 hadi 20 ya umeme kuwa mwanga, kiwango ambacho leza ya heliamu na neoni haikaribii. Tena gesi ikipata joto yaweza kusukumwa itoke na nyingine ikaingia, jambo lisilowezekana kwa kito. Ndiyo maana leza za kaboni dayoksaidi zimefikia nguvu ya maelfu ya wati, zikakata mabamba ya chuma viwandani. Hata saketi ndogo za simu mpya zinazidai. Katika mitambo ya kuchapa saketi hizo, leza ya kaboni dayoksaidi hupiga matone ya bati yaliyoyeyuka, matone 50,000 kwa kila sekunde, ili kupata mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 13.5.

Mwanga wenyewe wa leza hiyo hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni maikrometa 10.6, takriban mara 20 ya mwanga wa kijani. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano akikokotoa nishati ya fotoni yake moja atapata elektronivolti 0.117, wakati fotoni nyekundu ya leza ya heliamu na neoni ina elektronivolti 1.96, karibu mara 17. Basi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mwanga wenye fotoni dhaifu hivi wawezaje kuzisukuma chembe za atomu hadi nishati ya mamilioni ya elektronivolti?

Kutoka waya hadi wimbi

Mchapuko ni ongezeko la kasi katika kila sekunde, na kwa hiyo mashine ya kuzipa kasi chembe twaweza kuiita kichapuzi. Mwaka 1932, mjini Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walichapua protoni kwa volti laki kadhaa wakazigonganisha na lithiamu. Kiini cha lithiamu kilipasuka, na vipande vyake vikawa viini viwili vya heliamu. Gesi yetu, kama msomaji anavyoona, haiko mbali na habari hii hata mara moja.

Tangu hapo vichapuzi vimekua. Kile cha CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ni mduara wa kilometa 27 chini ya ardhi. Protoni huzungushwa humo na sumaku ambazo waya zake hazina upinzani wowote wa umeme, na waya hizo hufanya kazi zikiwa katika baridi ya kelvini 1.9, yaani nyuzi 271 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hakuna kimiminiko kingine kiwezacho kufanya kazi hiyo isipokuwa heliamu, na mashine hiyo inahitaji takriban tani 120 za heliamu. Tarehe 19 Septemba 2008, siku chache baada ya mashine kuwashwa, kiungo kimoja cha umeme kilishindwa, na tani kadhaa za heliamu zikatoroka. Kazi ilisimama zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa nini vichapuzi viwe virefu hivyo? Sababu ni kwamba katika vyumba vya shaba au metali nyingine uga wa umeme hauwezi kuzidishwa bila mwisho. Ukipita volti milioni makumi kadhaa kwa kila meta, cheche huruka na kuta huharibika. Kichapuzi cha Stanford huko California kilihitaji urefu wa takriban kilometa 3 ili kuzifikisha elektroni kwenye elektronivolti bilioni 50.

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa wazo la kuiacha metali kabisa na kutumia plazima, yaani gesi ambayo atomu zake zimekwisha kupasuliwa na kuwa elektroni na ayoni. Plazima imekwisha kuvunjika, basi haiogopi cheche. Kulielewa wazo lao hakuhitaji zaidi ya kusimama ufukweni mwa Kigoma. Meli ya Liemba, iliyoanza safari zake kwa jina hilo mwaka 1927, ilipokuwa ikipita iliacha nyuma yake mfuatano wa mawimbi yaliyokwenda sawa na mwendo wa meli yenyewe. Mtumbwi mdogo ulioingia mahali panapofaa kwenye mteremko wa wimbi ulisukumwa mbele bila kupiga kasia. Sasa badala ya ziwa weka plazima. Badala ya meli weka pigo fupi la leza. Badala ya mtumbwi weka elektroni. Pigo la mwanga huzisukuma elektroni za plazima pembeni. Ayoni, kwa kuwa ni nzito, hubaki mahali pake na kuzivuta elektroni zirudi. Nazo hurudi kwa kasi, zikapita kiasi, zikavutwa tena. Hivyo wimbi la umeme hulifuata pigo la leza kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapopata jibu. Kinachosukuma si fotoni moja moja, bali uga wa umeme wa mabilioni yasiyohesabika ya fotoni zinazokwenda kwa hatua moja. Na kwa ukali ule ule wa mwanga, elektroni hutikiswa zaidi kadiri wimbi linavyokuwa refu, kwa kuwa hupata muda mrefu zaidi kabla uga haujageuka. Nishati ya mtikisiko huongezeka kwa mraba wa urefu wa wimbi. Wimbi la leza ya kaboni dayoksaidi ni refu mara 10 kuliko lile la leza za kioo chenye neodimiamu. Basi msukumo wake kwa elektroni ni mkubwa mara 100. Udhaifu tulioushangaa umegeuka kuwa nguvu.

Mwaka 1993 kundi la Chan Joshi, huko Los Angeles, lilithibitisha jambo hilo. Walitumia leza ya kaboni dayoksaidi yenye mawimbi mawili yanayotofautiana kidogo, ambayo yakichanganyika huvuma na kufifia kwa zamu, kama nyuzi mbili za ala zisizolingana sawasawa. Mvumo huo uliamsha wimbi katika plazima, na elektroni zilizoingizwa zikiwa na elektronivolti milioni 2.1 zikatoka zikiwa na milioni 9.1, katika masafa ya takriban sentimeta 1. Uga huo unazidi ule wa Stanford zaidi ya mara 30. Baadaye, mwaka 2011, watafiti katika maabara ya Brookhaven, New York, walitumia leza kama hiyo juu ya mfoko wa gesi ya haidrojeni wakapata protoni zenye nishati iliyokaribiana. Na mwaka 2012 kundi la Los Angeles likafikisha protoni kwenye elektronivolti milioni 20 hivi. Ili kutibu saratani iliyo ndani sana ya mwili huhitajika milioni 200 na zaidi. Njia bado ni ndefu, na maabara nyingi za aina hii siku hizi hutumia leza za vito badala ya gesi. Lakini pale panapohitajika wimbi refu, leza ya gesi haijapata mpinzani wa kweli.

Haya yanamhusu nini mtu wa Ujiji?

Najua kuna msomaji aliyekuwa akilisubiri swali hili. Jibu langu la kwanza halitoki CERN. Linatoka katika tope la Ziwa Tanganyika.

Dagaa wamepungua, na wavuvi wanalaumiwa. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Je, sababu ya upungufu ni nyavu peke yake? Ili kujibu, wanasayansi wamechimba mashapo ya chini ya ziwa, ambayo tabaka zake zimepangika kama kurasa za kitabu, na ndani yake mna masalio ya samaki na viumbe wengine. Kuanzia mwaka 1998 wanafunzi wa Kiafrika na wa Marekani walikuwa wakifundishwa kazi hiyo mjini Kigoma katika mradi ulioitwa Nyanza. Lakini kurasa hizo hazina tarehe. Tarehe nyingi hupatikana kwa kupima kaboni-14, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730.

Zamani kipimo hicho kilihitaji gramu nzima za kaboni na siku nyingi za kusubiri atomu zioze. Mwaka 1977 ilionyeshwa njia mpya: kuichapua kaboni kwa volti milioni kadhaa. Katika mchapuko huo molekuli zenye uzito unaofanana na kaboni-14 huvunjika, sumaku huzitenga chembe kwa uzito wake, na atomu za kaboni-14 huhesabiwa moja moja. Miligramu moja inatosha. Kwa msaada wa tarehe za namna hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba joto la maji ya juu ya ziwa katika karne ya 20 lilipanda kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyotangulia. Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua pamoja na ongezeko hilo la joto, hata kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashamiri. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua.

Hayo hayawaondolei wavuvi wajibu wa kuhifadhi mazalio. Lakini yanabadilisha hukumu. Riziki ya familia za Kibirizi na Ujiji imo ndani ya mabishano ambayo ushahidi wake mkubwa umetoka katika vichapuzi, na Tanzania haina kichapuzi cha kazi hiyo. Tope letu husafiri kwenda kusomwa ng'ambo, kisha sisi huletewa tafsiri. Asiyejua jinsi tarehe ilivyopatikana hawezi kuibisha inapokosea, wala kuitetea inapokuwa kweli.

Jibu la pili ni fupi. Vichapuzi vimekwisha kuingia nchini. Tangu mwaka 2018 Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa na mashine zinazochapua elektroni ili kutibu uvimbe. Mgonjwa wa Kigoma anayesafiri zaidi ya kilometa 1,200 kwenda huko anahitaji fundi wa kuitunza mashine hiyo kuliko anavyohitaji hotuba juu yake.

Mapendekezo

Kwanza, kila mkataba wa heliamu uwe na kifungu cha elimu kilichoandikwa kwa vipimo, si kwa maneno ya heshima tu. Sehemu maalumu ya heliamu, ikiwa imekwisha kufanywa kimiminiko, itengwe kwa vyuo vikuu na hospitali za nchi hii, maana mashine nyingi za kupiga picha za mwili kwa sumaku hupozwa nayo. Kazi ya kuitenganisha gesi hiyo na nitrojeni na kuipoza ifanyike hapa kadiri iwezekanavyo, na vijana wetu wafundishwe humo. Hiyo ndiyo njia ya chumvi.

Pili, chuo kikuu kimoja kianzishe karakana ya leza za gesi. Sisemi leza ya Brookhaven. Leza ndogo ya kaboni dayoksaidi ni bomba la kioo lenye koti la maji, vioo viwili vya kuakisi, pampu ya ombwe, na umeme wa volti kubwa. Fundi anayejua kuyeyusha na kuunganisha kioo, kutunza ombwe na kudhibiti volti kubwa, amekwisha kupata stadi tatu ambazo kila kichapuzi kinazidai. Karakana ya namna hiyo ingezaa wajenzi na watunzaji wa mashine, na hao ndio tunaowakosa.

Tatu, tusiende peke yetu. Mwaka 2017 ilifunguliwa nchini Jordan mashine ya mwanga iitwayo SESAME, ambayo hutumia elektroni zilizochapuliwa. Wanachama wake ni pamoja na Iran, Israeli, Palestina, Pakistan na Misri, nchi ambazo hazikubaliani katika mambo mengi. Na sehemu ya mitambo yake ya mwanzo ilikuwa ya mashine kuukuu kutoka Berlin. Afrika Kusini inayo maabara ya iThemba, yenye kichapuzi cha kupima kaboni-14. Na mwaka 2016, mwaka ule ule wa tangazo la Rukwa, Shule ya Afrika ya Fizikia ilifanyika Kigali, jirani kabisa na Kigoma. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zimeweza kukubaliana kulifunga kwa miezi 3. Zaweza pia kukubaliana kulisoma pamoja.

Pingamizi moja nalijua na naliheshimu. Watasema: shule zetu nyingi hazina maabara kamili, na wewe unazungumzia leza na vichapuzi. Ni kweli. Lakini anayepanga kuuza heliamu hasubiri maabara za shule zikamilike, na visima havisimami kwa sababu sisi hatuna vifaa. Elimu ikichelewa mpaka kila kitu kiwe tayari, itaikuta gesi imekwisha kwenda. Tena sehemu kubwa ya niliyoyaeleza haihitaji kifaa cha bei. Mawimbi mawili yaweza kuonyeshwa katika karai la maji. Nishati ya fotoni hukokotolewa ubaoni. Kuoza kwa uraniamu hadi risasi, na hesabu ya chembe nane za alfa, ni zoezi la dakika 20.

Onyo moja ni la lazima. Mwanafunzi asijaribu kujenga leza ya kaboni dayoksaidi nyumbani. Mwanga wake hauonekani, huunguza jicho kabla mtu hajajua, na umeme wake unaua. Kazi hiyo ni ya karakana yenye msimamizi.

Ndugu walimu, mnapofundisha heliamu msiishie kwenye kibofu cha kuchezea watoto. Waonyesheni wanafunzi ramani, kutoka Ujiji hadi Rukwa, na waambieni kwamba chini ya ardhi hiyo imo gesi inayopoza mashine kubwa kupita zote duniani na kuizolea leza majivu yake. Nanyi wanafunzi, mkisikia kwamba mkataba wa heliamu umetiwa saini, ulizeni bei. Kisha ulizeni pia ni vijana wangapi wa Kitanzania watakaofundishwa kuipoza, kuipima na kuitumia. Swali hilo la pili likizoeleka midomoni mwa wengi, wanaoandika mikataba watalazimika kuwa na jibu lake.